Hoja na Paa Linavuja

Machi 7, Jumamosi

Mvua imeanza leo, nami nimeanza kuandika. Nitaandika msimu wote, kwa sababu kuna jambo ninalolitaka, na sitaki kuja kujidanganya baadaye kwamba sikulitaka.

Kwanza niseme na wanaocheka. Umri wangu umevuka hamsini na kila Jumamosi mchana nakwenda kucheza. Si kamari, si mazoezi ya viungo. Kete, dadu, kadi, ubao. Mtu mzima akikaa jioni nzima mbele ya televisheni akiwafokea wachezaji wasiomsikia, anaitwa shabiki. Akiitumbukiza ada ya watoto kwenye mashine yenye taa, anaitwa mtafuta bahati. Akikaa mezani na wenzake akafikiri, anaambiwa amerudi utotoni. Nilishaandika makala juu ya upuuzi huu, na nitaandika nyingine, mhariri wangu apende asipende.

Duka la Mama Kete liko kati ya fundi cherehani na duka la dawa, jembamba kama ujia. Ukinyoosha mikono unagusa rafu za pande zote mbili. Mbele ni maboksi hadi darini. Nyuma kuna chumba chenye meza tatu, taa ya kuning'inia na paa la bati ambalo mvua ikilipiga watu huongea kwa vidole. Mama Kete alipata jina hilo kwa sababu hakubali boksi liuzwe pungufu. Kete ikipotea, huchonga nyingine kwa kipande cha penseli, akaipaka rangi ya kucha.

Mwezi uliopita alipokea boksi moja la ajabu. Ubao wake una bonde, na bondeni kuna vijiji vinne. Wachezaji ni wanne, wote upande mmoja, wanapambana na maji. Kila kikao ni wiki moja ya mvua. Kijiji kikizama unakibandika stika ya bluu na hakiamki tena, wala kikao kijacho, wala milele. Mvua zikiisha na kijiji hata kimoja kikiwa kimesimama, mmeshinda. Lakini meza ikivunjika katikati, wachezaji wakatawanyika, boksi zima limekufa. Nani atanunua ubao wenye mafuriko ya watu wengine?

Aliniambia nani wamekubali: yeye mwenyewe, Fundi Friji, na mdogo wangu. Jina la mwisho alilitaja huku akifuta kaunta iliyokuwa safi.

“Unajua hatuongei,” nikamwambia.

“Mimi nauza michezo, mwenzangu. Sipatanishi watu. Lakini viti ni vinne.”

Mdogo wangu ni mwalimu mkuu. Miaka miwili iliyopita shule yake ilikuwa ikifunga geti kengele ikilia, na watoto waliochelewa wanabaki nje, iwe mvua liwe jua. Niliandika makala. Sikumtaja yeye wala shule, lakini mji wote ulielewa. Niliandika kwamba mwalimu anayemfungia mtoto nje anamfundisha somo moja tu, kwamba mlango una mwenyewe. Nasema tena leo: makala ilikuwa sahihi. Tangu siku hiyo ananiita Mwandishi. Tukikutana misibani ananipa mkono kama mjumbe wa ubalozi. Sasa amehamishiwa shule ya mbali, na ataondoka mvua zikiisha.

Siwezi kuomba radhi kwa kusema kweli. Lakini nataka aniite dada kabla hajapakia vitanda vyake. Ndilo jambo lenyewe. Nimeliandika.

Machi 14, Jumamosi

Kikao cha kwanza. Niliwahi kiti kilicho karibu na kitabu cha sheria, nikasoma kwa sauti. Ukurasa wa nne unasema kwamba pakitokea ubishi kuhusu magunia ya mchanga yapelekwe kijiji gani, Kiongozi ataamua, na Kiongozi wa kwanza kushika usukani ni mkubwa kuliko wote mezani.

Mama Kete na mimi tukatazamana.

“Mimi bado kijana,” akasema yeye.

“Watu wanaogopa umri kuliko maji,” akasema Fundi Friji. Huyu ni fundi wa majokofu, ana mikono ya baridi hata mwezi wa joto, na hana adabu kabisa. “Mkubwa ajitaje, vijiji vinazama.”

“Mimi,” nikasema. “Sina cha kuficha.”

“Hajawahi kuwa nacho,” mdogo wangu akamwambia Fundi Friji, macho yakiwa kwenye ubao.

Basi nikawa Kiongozi. Tangu hapo Fundi Friji ananiita Bi Mkubwa.

Kila mtu alipewa kijiji akipe jina kwa kalamu. Fundi Friji akaandika Barafu. Mama Kete akaandika Kesho. Mimi nikaandika Hoja. Mdogo wangu alishika kalamu kwa muda, kisha akaandika Paa Linavuja.

“Jina gani hilo?” akauliza Fundi Friji.

“Jina tu.”

Si jina tu. Nyumba tuliyokulia ilivuja kila pembe, na masika yakiingia mama alitupangia vyombo chini ya matone: mimi sufuria, yeye ndoo. Tulishindana chombo cha nani kitajaa kwanza. Ulikuwa mchezo wetu wa kwanza duniani. Nilikohoa, nikagawa kadi.

Machi 17, Jumanne

Makala yangu kuhusu viongozi wanaong'ang'ania viti imetoka. Mhariri amekata aya iliyokuwa bora kuliko zote, kama kawaida yake.

Machi 21, Jumamosi

Vijiji vyote vinne vimesimama, kwa taabu. Maji ni kete za bluu, na kila kijiji kina mstari wake. Zikifika juu ya mstari, kwaheri.

Nilipokwenda kuchukua chai, mdogo wangu alishika kitabu cha sheria, akakigeuzageuza. Niliporudi akaanza, “Mwandishi, huku nyuma pame—” nikamwambia huku nyuma ni picha na anwani ya kiwanda, tucheze, maji hayasubiri. Akakirudisha mezani polepole.

Ni mara ya kwanza ananisemesha mimi mwenyewe bila kupitia kwa mtu mwingine. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi mvuani.

Machi 28, Jumamosi

Kesho imezama.

Mama Kete alitaka magunia yaende kwake. Mimi nilitaka yaende Hoja, kwa sababu Hoja iko juu ya bonde, na ikisimama inapunguza maji kwa wote walio chini. Nilieleza vizuri. Nilieleza mara ya pili kwa mifano. Mwisho nikaamua, kama sheria inavyoruhusu. Dadu zikatoka mbaya, na kijiji chake kikaenda.

Alibandika stika mwenyewe, akaikandamiza kwa kidole gumba muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

“Ungeniuliza tu, mwenzangu.”

“Nilikuuliza.”

“Ulinieleza.”

Nimeitafakari sentensi hiyo njia nzima na bado naona mantiki yangu ilikuwa safi. Mantiki safi, na mwanamke aliyeshika stika. Vyote viwili ni kweli.

Aprili 1, Jumatano

Mvua tangu alfajiri. Viatu vyangu vyote viwili vinavuja, kila kimoja kwa mtindo wake.

Aprili 4, Jumamosi

Mdogo wangu hakuja.

Tulikaa watatu, ubao umetandazwa, kadi zimegawiwa, kiti chake kitupu. Fundi Friji alijenga mnara kwa dadu, ukaanguka, akajenga mwingine. Mama Kete alikwenda mlangoni mara kadhaa akijifanya anatazama mvua.

“Mpigie, Bi Mkubwa,” akasema Fundi Friji. “Wewe ndiye Kiongozi.”

“Ana simu. Akitaka atapiga yeye.”

“Haya. Maji yamezidi unga na watu bado wanapimana urefu.”

Sikupiga. Mama Kete ndiye aliyepiga, akajibiwa na wifi yangu: yuko shuleni, anamkabidhi ofisi mwenzake anayekuja, amechelewa, anaomba radhi kwa wote. Kwa wote. Nilimuuliza Mama Kete kama ndivyo alivyosema, kwa wote, akasema ndivyo. Nimeligeuza neno hilo pande zote kama sarafu ya nchi nisiyoijua.

Tumekunja ubao bila kucheza. Anahamishwa kama sanduku, nami nimekaa nikisubiri aanze yeye.

Aprili 11, Jumamosi

Nitaandika kirefu, maana leo meza imekaribia kuvunjika, na aliyeishika nyundo ni mimi.

Alikuja mapema, amelowa, akamsalimu Mama Kete, akamsalimu Fundi Friji, kisha akaniambia, “Mwandishi, habari.” Nikasema nzuri. Tukakaa. Mvua ya nje ilikuwa kubwa kuliko ya kwenye kadi.

Kadi tulizovuta zilikuwa mbaya. Barafu na Paa Linavuja vilikuwa karibu na mstari kwa pamoja, na Hoja ilikuwa hatua moja nyuma ya hivyo viwili. Magunia hayakutosha vyote. Fundi Friji akasema, kwa heshima kuliko kawaida yake, kwamba wiki zote ametoa magunia yake kwa wengine bila kunung'unika, na leo anaomba yabaki kwake. Mama Kete akamuunga mkono. Mdogo wangu akainua mabega. Na mimi nikaamua: nusu Hoja, nusu Paa Linavuja.

Nilirusha dadu. Barafu ikazama.

Fundi Friji hakuchukua stika. Alijiegemeza nyuma, akafuta mikono yake kwa tambaa la kazini kama mtu aliyemaliza kazi kwa watu wasiolipa.

“Mimi si msomi,” akasema, “lakini naweza kuhesabu vijiji. Cha Mama Kete kimezama. Changu kimezama. Vilivyobaki ni viwili. Vya ndugu.”

“Si suala la undugu. Ni suala la mahali pa kijiji.”

“Hoja iko juu, sawa, nimekuelewa tangu Machi. Na Paa Linavuja? Kile kiko chini kabisa, Bi Mkubwa, matopeni. Hakina faida yoyote. Kwa nini wiki zote hizi unakipelekea mchanga?”

Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye nimejibizana na maprofesa redioni bila kumeza mate, nikafungua mdomo na hapakutoka kitu. Kwa sababu alikuwa amesema kweli, na mimi mwenyewe sikuwa nimeiona. Kila wiki mkono wangu ulikwenda kwenye kile kijiji bila kuniomba ruhusa.

Mdogo wangu aliinua uso. Ndiyo mara ya kwanza alinitazama machoni tangu mvua zianze. Tangu miaka miwili, nikisema kweli.

Ningeweza kusema jambo la maana wakati ule. Badala yake nikamwambia Fundi Friji kwamba mtu asiyekubali kushindwa asicheze. Ni uchafu, na niliujua ni uchafu ukiwa bado ulimini.

“Sawa,” akasema. Akasimama, akachukua begi lake la vifaa. “Basi sichezi.”

Hapo bati likaachia. Si tone, ni mkondo, moja kwa moja juu ya meza. Watu wanne waliokuwa wakigombana wakageuka watu wanne wanaookoa ubao. Fundi Friji akatupa begi, akaufunika ubao kwa kifua chake. Mama Kete akakusanya kadi kwenye kanga yake. Mdogo wangu akaleta ndoo kutoka chooni. Mimi nikaleta sufuria ya chai, tupu, nikaitega penye tone la pili.

Tukasimama tukitazama. Ndoo na sufuria, ubavu kwa ubavu, tik, tok. Mdogo wangu akatazama ndoo, akatazama sufuria, na kona ya mdomo wake ikacheza kidogo. Kisha akavaa koti, akaaga kwa wote, akaondoka. Fundi Friji akaondoka pia, hakuaga.

Ubao umepona. Kitabu cha sheria kimelowa chapachapa.

Aprili 15, Jumatano

Nimekwenda dukani kumuuliza Mama Kete anapofanya kazi Fundi Friji, nikamwombe arudi. Mama Kete alikuwa na wateja. Akaniashiria nisubiri chumba cha nyuma.

Alikuwa amekifungua kitabu cha sheria, ametoa pini, na kuanika kurasa zake kwenye uzi kwa vibanio vya nguo, ukuta hadi ukuta. Zilikuwa zikikauka huku zimejikunja kama majani ya tumbaku. Ukurasa wa mwisho ulinigeuzia mgongo wake, ule niliosema una picha na anwani ya kiwanda. Picha ipo. Anwani ipo. Na chini ya picha kuna mistari miwili, kwa herufi zisizo ndogo hata kidogo:

*Uongozi huhama. Kila wiki mpya ya mvua, usukani unakwenda kwa mchezaji wa kushoto.*

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa.

Wiki zote hizi. Nimekalia kiti cha watu, nikizamisha vijiji vyao kwa amri, na katikati yake nikaandika makala ya kuwazomea wanaong'ang'ania viti, na mhariri akakata aya iliyokuwa bora kuliko zote, ile iliyosema kwamba mng'ang'anizi huanza kwa kusoma katiba nusu. Nyani haoni kundule. Mimi sikuwa nimeona hata tawi nililokalia.

Nikakumbuka jambo la pili, na hilo ndilo lililoniuma. “Mwandishi, huku nyuma pame—”. Nami nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Hakuna aliyeniona nikisoma. Kurasa zingekauka, Mama Kete angezibana tena, na vikao vimebaki vichache. Niliwaza hivyo, sikatai, kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Kisha nikachukua ule ukurasa kwenye uzi, nikautia kwenye mkoba.

Aprili 16, Alhamisi

Nimempata Fundi Friji nyuma ya bucha, kichwa kikiwa ndani ya jokofu la watu. Nikamsomea mistari miwili. Hakutoa kichwa, lakini jokofu zima likaanza kutikisika kwa kicheko.

“Kumbe tulikuwa tunatawaliwa.”

“Mlikuwa mnatawaliwa.”

“Nakuja Jumamosi,” ikasema sauti ya jokofuni. “Sikosi. Nataka nione unavyomsomea mwalimu mkuu.”

Aprili 18, Jumamosi

Niliwasomea kabla hawajakaa. Mama Kete akaweka mikono kichwani. Kijiji chake, maskini, kilizama wiki ambayo usukani ungekuwa mkononi mwake mwenyewe. Amehesabu viti kwa kidole kuhakikisha.

“Na zile makala zako za viongozi wasiotoka?” akauliza Fundi Friji, mtamu kama asali.

“Nitaziandika upya. Sasa nina uzoefu.”

Nikamgeukia mdogo wangu. “Ulijua.”

“Nilijua.”

“Tangu wiki ya pili. Ulitaka kusema.”

“Nilisema. Ulinikatiza.”

“Kwa nini hukusema tena?”

Akapanga kete za bluu mstari mmoja, moja moja, kama wanafunzi asubuhi. “Mwanzoni nilitaka nione utakavyoanguka. Hilo nalikiri. Kisha nikaona unapeleka mchanga Paa Linavuja.” Akaisogeza kete ya mwisho. “Nikaona ngoja niendelee kutawaliwa kidogo.”

Mama Kete akasema chai inamwagika, na haikuwa inamwagika.

Kwa kuhesabu viti, pamoja na ile wiki tuliyokunja ubao bila kucheza, usukani wa leo ni wa mdogo wangu. Mama Kete na Fundi Friji, ambao hawana tena vijiji, wakatangaza kwamba zamu zao zilizobaki wanampa yeye hadi mvua ziishe. Eti ni fidia. Nikasema sheria haina fidia. Mama Kete akanyoosha mkono, akanipokonya ukurasa, akaukalia.

Aprili 25, Jumamosi

Mdogo wangu anaongoza polepole kama konokono aliyelemewa. Anamuuliza kila mtu. Anamuuliza tena aliyebadili mawazo. Kuamua gunia moja kunachukua kikombe kizima cha chai. Ameniudhi mpaka nimeuma ulimi.

Vijiji vyote viwili vimesimama.

Aprili 29, Jumatano

Wifi yangu amenipigia kuuliza kama nina maboksi matupu ya kufungia vyombo. Yeye ndiye amepiga, si mimi, lakini nimempelekea mwenyewe. Mdogo wangu hakuwepo. Nilitazama vitanda, bado havijafunguliwa skrubu.

Mei 2, Jumamosi

Kikao cha mwisho.

Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata ikabidi tuinamishe vichwa juu ya ubao kama watu wanaoteta. Ilibaki kadi moja. Maji yalikuwa kwenye mstari wa Hoja na wa Paa Linavuja kwa pamoja, na magunia yalitosha kijiji kimoja tu.

Mdogo wangu akauliza kwa utaratibu wake. Mama Kete akasema Hoja, maana iko juu. Fundi Friji akasema Paa Linavuja, maana ameshakizoea na hana sababu nyingine. Mdogo wangu akaandika kitu hewani kwa kidole, akageuka.

“Na wewe, dada, unasemaje?”

Nilisikia. Sikuonyesha kwamba nimesikia. Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili.

“Okoa Paa Linavuja,” nikasema. “Hoja iache izame.”

“Kwa hesabu gani?”

Nikampa hesabu. Nilizungumza kuhusu mteremko, kuhusu kadi zilizokwisha kutoka, kuhusu uwezekano. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni gumu kulivumilia mtu anapokuwa anadanganya.

“Hesabu hiyo ni mbovu,” akasema. “Na unajua ni mbovu, maana ni wewe uliyetufundisha iliyo sahihi. Unatoa sababu ya mchezo au sababu nyingine?”

“Nyingine.”

Mvua ikapumua kidogo, kama nayo inasikiliza.

“Lile geti,” akasema. “Nililiacha wazi muhula uliofuata. Liko wazi mpaka leo.”

“Hukuniambia.”

“Ungeandika.”

Fundi Friji akapaliwa na chai.

“Angeandika,” Mama Kete akathibitisha, akimpiga mgongoni.

“Tena ungeniuliza kabla, ningekueleza kwa nini lilifungwa. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakitoka mbio barabarani. Mmoja gari lilimkosa kidogo tu. Nilifunga kwa ajili ya waliomo ndani, nikawasahau walio nje. Makala yako ilikuwa nusu ya kweli. Ile nusu ilininyima usingizi, kwa hiyo nikakuchukia yote.”

“Ningekuuliza, ungelifungua?”

Akafikiri kwa haki, kama afikiriavyo kila kitu, na mara hii sikuona ni konokono. “Pengine hapana.”

“Basi.”

“Basi,” akasema, naye hakukasirika. “Lakini ungeniuliza.”

“Ningekuuliza,” nikasema. “Hilo nakupa.”

Ni kidogo. Sikumpa zaidi kwa sababu sina zaidi ya kweli. Makala ile ningeiandika tena kesho, ila kwanza ningebisha hodi kwake.

Akachukua magunia yote. Akayaweka Hoja.

“Wewe,” nikaanza.

“Kiongozi ameuliza, amesikia, ameamua. Hoja inabaki. Watu wanaihitaji hata inapoudhi.” Akagusa kijiji chake kule chini, matopeni. “Paa lilikuwa linavuja siku zote. Tulilizoea.”

Akavuta kadi. Ilikuwa mvua kubwa kuliko zote kwenye boksi. Maji yakapita juu ya Paa Linavuja, yakafika kwenye magunia ya Hoja, yakasimama.

Alinipa mimi stika ya bluu. “Bandika wewe. Sufuria yako ndiyo iliyokuwa ikijaa kwanza.”

“Uongo. Ndoo yako ndiyo iliyokuwa ikijaa.”

“Ndoo ilikuwa kubwa, dada. Itajaaje kwanza?”

“Ulikuwa unaisogeza. Nilikuwa nakuona unaisogeza kwenye tone kubwa mama akigeuka.”

“Na wewe ulikuwa unaongeza maji ya mtungi.”

“Mara moja.”

“Kila siku.”

“Samahani,” akasema Fundi Friji. “Tumeshinda au hatujashinda?”

Mama Kete ndiye aliyesema tumeshinda, na alisema akiwa tayari anaosha vikombe. Sisi tuliendelea na ndoo na sufuria mpaka mvua ya nje ilipokatika, na hakuna aliyekubali.

Mei 9, Jumamosi

Wameondoka asubuhi. Nilishika upande mmoja wa kitanda, yeye upande mwingine, tukagombana mlangoni jinsi ya kukipitisha. Kilipita kwa njia yangu. Nimeandika hapa ili iwe kumbukumbu.

Mei 14, Alhamisi

Jua. Nguo zote za mtaa ziko kwenye kamba.

Mei 23, Jumamosi

Mama Kete ameutundika ubao ukutani juu ya kaunta. Wateja wanauliza unauzwa vipi, anawaambia hauuzwi, na huwaonyesha Hoja kwa kidole, kijiji kimoja kikavu katikati ya bluu yote ile. Fundi Friji ameziba bati, ingawa anachokiweza ni friji, si bati, na Mama Kete anasema tutaona masika ijayo. Ameagiza boksi jingine. Viti ni vinne. Cha nne amekiinamisha kwenye meza ili mtu asikikalie.

Wakati tukipanga kete, simu yangu ikalia. Ni mdogo wangu:

“Dada, huku hakuna duka la michezo. Nimeagiza boksi kama lile la bonde, nimeweka meza chumba cha walimu. Leo tunaanza. Wanagombana nani mkubwa, hakuna anayetaka kutaja umri. Nifanyeje?”

Mama Kete na Fundi Friji wakainama juu ya simu bila aibu, wakasubiri waone nitaandika hotuba gani. Nami nilikuwa nayo, yenye aya tatu. Niliifuta, nikamwandikia:

“Waanze kusoma ukurasa wa nyuma.”